Mwingereza kaponda mkate wa Mexico, nchi nzima imemshukia. Ila hasira ilianzia kwenye kodi za nyumba

Kisiki Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, hii ya Mexico imepita kimyakimya huku kwetu na naona ina nyama.

Desemba 2025 mwokaji mikate wa Kiingereza, Richard Hart, alijikuta anaporomoshewa maneno na taifa zima. Si mtu mdogo kwenye fani. Kapita duka la mikate la Tartine, San Francisco, kisha akajijengea jina Copenhagen, Denmark, na sasa ana duka la mikate Mexico City, mtaa wa Roma, linaitwa Green Rhino. Watu walifukua mahojiano aliyoyafanya miezi kadhaa nyuma, humo akasikika akisema kwamba Wamexico hawana utamaduni wa mkate wa kueleweka, na kwamba torta zao, yaani mikate ya kujazwa nyama na maharage, wanazitengeneza kwa vimkate vyeupe, vibaya, vya bei chee, vya kiwandani. Ikawa tabu. Wapishi wa huko wakaja juu, vibonzo vikamiminika, magazeti ya Ulaya na Marekani nayo yakadaka. Mwisho akaomba radhi hadharani, akasema yeye pale ni mgeni na alisahau kuishi kama mgeni.

Ukiisoma haraka utasema Wamexico wana hasira za karibu. Vimkate tu!

Basi tuanze na hicho kimkate. Kinaitwa bolillo. Kimechongoka ncha mbili, kimepasuliwa mstari mmoja mgongoni, ganda linavunjika na ndani ni laini. Ndugu yake telera ni bapa zaidi, na ndiyo hasa ya torta. Torta yenyewe si ile mikate miwili ya kukatwa pembe tatu inayopitishwa kwenye vikao. Ni chakula cha fundi: maharage, nyama, parachichi, jibini, pilipili, vyote vimeshindiliwa. Asubuhi mtu anayewahi metro ananunua guajolota, yaani tamal nzima ya unga wa mahindi imetiwa ndani ya bolillo. Wanga ndani ya wanga, na anayekula chipsi na wali sahani moja asicheke. Kisha kuna concha, vimkate vitamu vya kunywea chai au kahawa, kuna pan de muerto ya siku za kuwakumbuka marehemu mwanzoni mwa Novemba, kuna rosca, mkate wa sikukuu ya Mamajusi, Januari 6. Na wana imani yao kwamba mtu akipata mshtuko apewe kipande cha bolillo, tumbo litulie. Mexico City ilipigwa na tetemeko Septemba 19, 1985. Likaja jingine Septemba 19, 2017. Jingine tena Septemba 19, 2022. Tarehe ileile! Sasa wewe njoo uwaambie watu hao kwamba mkate wao hauna maana.

Roma na jirani yake Condesa ni mitaa ya mwanzoni mwa karne iliyopita, ya majumba mazuri na miti mikubwa. Tetemeko la 1985 liliichakaza Roma vibaya, wenye uwezo wengi wakahama na kodi zikashuka. Wakaingia wasanii, wanafunzi, watu wa kipato cha kati, familia zilizokuwa zinatafuta nafuu. Hao ndio waliougeuza mtaa ukawa wa kupendeza tena. Mwaka 2000 jiji likazuia ujenzi mpya katika wilaya za pembezoni na kuusukumia wilaya nne za katikati, na Roma imo, kwa hiyo wenye fedha za ujenzi wakajua pa kwenda.

Ikaja korona. Mexico haikufunga viwanja vya ndege wala haikudai vipimo, na Mmarekani huweza kukaa hadi siku 180 kama mtalii. Mtu analipwa mshahara wa San Francisco, laptopu yake iko mezani Condesa, kodi inayomliza mwalimu wa pale yeye anaiona bei ya kutupa. Mwenye nyumba akipiga hesabu anamwambia mpangaji wake wa miaka yote kwamba mkataba hauendelei, nyumba inaingia Airbnb, ule mtandao wa kupangisha wageni kwa usiku.

Na hapa ndipo watu wanaponyamaza. Oktoba 2022 serikali ya jiji ilitia saini makubaliano na Airbnb pamoja na UNESCO ili kuwavutia hao wafanyakazi wa laptopu. Meya wakati huo alikuwa Claudia Sheinbaum, ambaye leo ni Rais wa nchi. Hawakuvamia. Waliitwa kwa karatasi yenye mhuri.

Julai 4, 2025, sikukuu ya uhuru wa Marekani, watu wakaandamana Condesa na Roma. Mabango yakawaambia wageni walipe kodi za serikali, wajifunze Kihispania, waheshimu utamaduni. Mengine yalikuwa makali zaidi: Mmarekani rudi kwenu. Vioo vya migahawa vikavunjwa, baadhi ya maduka yakaporwa, wageni waliokuwa wamekaa zao wakizomewa. Malalamiko mengine yalihusu mambo ya mezani: menyu za Kiingereza, na salsa, sosi yao ya pilipili, iliyopunguzwa makali ili isimtoe mgeni machozi.

Kwa hiyo maneno ya Hart yalipofukuliwa Desemba, yalikuta kuni zimeshakauka. Mtu aliyehamishwa Roma kwa sababu ya kodi hana mlango wa kwenda kumgombeza aliyetia saini. Ila mkate anaujua, na aliyeutukana ana jina na ana duka, tena mtaa uleule aliohamishwa yeye. Msimamo wangu ni kwamba Hart aliropoka na alistahili kusemwa, lakini kapigwa na fimbo ya watu wengine, na hao wengine wamekaa kimya wanakula kodi.

Karibuni.

Mzee wa Kibamba

Naweka kambi hapa. Ngoja wajuzi waje.

Njiti Moja

Mleta uzi umeandika vizuri ila unawapaka mafuta. Mtu kasema mkate mbaya, ni ulimi wake. Ugali wetu unasemwa na kila mgeni, eti hauna ladha, eti ni kama gundi ya kubandikia matangazo, na hatujawahi kuvunja kioo cha mtu. Halafu huyo bwana ni fundi wa mkate, kazi yake ni kuonja na kutoa hukumu. Akisema unga ni wa viwandani na hamira imekimbizwa, je, kadanganya? Bolillo nyingi za supamaketi ndivyo zilivyo.

Na hiyo ngano walipewa na Wahispania. Mkate wenyewe ni wa kuletewa, halafu wanaulilia.

Mtu wa Voi

@Njiti Moja hiyo ya kuletewa haina mashiko. Chapo ilitoka India na mimi nikienda nyumbani Krismasi nisipopata chapo najua hii familia iko na shida. Chai je? Hata mahindi hayakuota Voi.

Na Wabongo mkianza stori za ugali tafadhali mtuheshimu, kila siku mnatuambia chakula cha Kenya hakina viungo. Nyinyi ndio hao wageni wenye mdomo 😂

Kwa uzito sasa. Hii kitu ya Mexico mimi naiona hapa Pwani. Malindi Waitaliano wako tangu miaka ya sitini, wakati walijenga kituo cha kurusha roketi pale Ngomeni. Vijana wa bichi wanaongea Kiitaliano kuliko mwalimu, menyu ni ya Kiitaliano, pizza iko kila kona. Watu wamewazoea na wengine wamejenga kwa hizo pesa, siwezi kudanganya. Lakini plot ya kuona bahari uliza nani anaweza kununua. Enda Shela kule Lamu, nyumba za zamani za mawe nyingi zimeshikwa na watu wa Ulaya. Zimekarabatiwa vizuri kabisa, zinapendeza kwa picha, na karibu mwaka mzima ndani ni mlinzi na mpishi pekee.

Dokta Uchwara

Tukubaliane kwamba kwenye hoja ya nani kamletea nani chakula, Mexico hadaiwi na mtu. Mahindi yalianza kulimwa huko, maelfu ya miaka nyuma. Mreno akayavusha bahari, yakafika kwetu, leo Mtanzania anaapa kwamba bila ugali hajala.

Na waliotuletea punje hawakutuletea maarifa yake. Wenyeji wa Mexico huchemsha mahindi na chokaa, wakayalaza usiku, kisha wakayaosha na kuyasaga. Hiyo chokaa hulegeza ganda na kuifungulia mwili vitamini iitwayo niasini ambayo vinginevyo hupita bila faida. Wazungu walichukua punje, wakaona mambo ya chokaa ni ushamba. Maskini wa kaskazini mwa Italia, ambao chakula chao kilikuwa uji mzito wa mahindi kutwa kucha, wakaugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, mwisho akili kuvurugika. Kusini mwa Marekani ilikuwa hivyohivyo mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokuwa wanadharauliwa jikoni ndio waliokuwa na dawa.

Kwa hiyo mgeni anapohukumu chakula cha Mexico kwa ulimi wa Copenhagen, wale wanajua hiyo filamu wameshaiona. Mapishi yao yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, na bado wanaelezwa wana nini na hawana nini.

Njiti Moja

Dokta nakubali somo la chokaa, safi sana. Ila bado hamjanijibu kuhusu vioo. Yule kijana mhudumu aliyekuwa anafagia vioo usiku ule ni Mmexico, si Mmarekani. Hata Sheinbaum alisema madai ni ya haki ila huwezi kuliambia taifa lolote litoke. Wamexico mamilioni wako Marekani, wanakimbizwa na maofisa wa uhamiaji, wanaambiwa rudini kwenu. Sasa na wao wanaandika rudi kwenu ukutani?

Kisiki Mkavu

Mkuu hapo umegusa penyewe, sina ubishi kuhusu vioo. Tena baada ya yale maandamano, wizara ya usalama wa ndani ya Marekani ilipachika mtandaoni kejeli kwamba aliyeko Marekani bila vibali na anataka kujiunga na maandamano yajayo Mexico City, atumie programu yao ya simu ya kujiondoa nchini. Wanacheka kabisa.

Lakini usiziweke hizo safari mbili kwenye mzani mmoja. Mmexico wa Los Angeles anaosha vyombo na kulipa kodi ya nyumba kwa bei ya palepale, hapandishi bei ya mtu. Mmarekani wa Condesa analeta mshahara wa kwao kwenye soko la wenzake. Kosa si lake kuzaliwa huko, nakubali, ila ukimchapa mmoja kibao na mwingine akakanyagwa mguu usiniambie wote wameumia sawa.

Na kuna jambo haliwapendezi hata wanaharakati wenyewe. Mtaa wa Juárez, jirani kabisa na Roma, kulikuwa na Wahaiti waliopiga mahema uwanja wa Giordano Bruno. Wale hawakupandisha kodi ya mtu, na bado majirani waliwalalamikia hadi kambi ikaondolewa mwaka 2024. Mgeni maskini hufukuzwa kwanza, tena bila maandamano.

Sheria nazo zipo. Agosti 2024 jiji lilipitisha kwamba kodi ya nyumba isipande kuzidi mfumuko wa bei wa mwaka uliotangulia. Oktoba mwaka huohuo wakaweka kwamba nyumba ya kupangisha kwa usiku isizidi nusu ya siku za mwaka. Baada ya vurugu za Julai, meya wa sasa, Clara Brugada, akatoa mpango wa hoja 14, ndani yake kuna kipimo cha kodi halali na ofisi ya kuwatetea wapangaji. Karatasi haijapungua. Na mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia 2026 ilipangiwa jiji hilohilo. Pigeni picha hamu ya mwenye nyumba.

Bint Shangani

Assalaam aleikum jamani. Nimesoma toka juu, na la mkate limenigusa maana mie nimekulia kwenye boflo la moto. Hapa Unguja asubuhi kuna boflo, kuna mkate wa ajemi, jioni kuna mkate wa ufuta na wa kumimina. Atakayekuja kuniambia sina utamaduni wa mkate nitamfungulia mlango atoke, kwa adabu.

Sasa nikwambieni la Mji Mkongwe, maana kila mtu anasema wageni wageni. UNESCO ilitutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba zilikuwa zinaanguka, hilo kweli, mvua za masika zikija tulikuwa tunalala na hofu. Mgeni hauziwi ardhi hapa, anakodishwa. Lakini nyumba zimegeuka hoteli moja baada ya nyingine, na mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja: mirathi. Babu kafa kaacha nyumba moja na warithi ishirini na kitu. Wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine London, kila mmoja anataka chake. Hakuna anayeweza kuwanunua wenzake. Anakuja mtu na fedha taslimu, basi, kikao kimoja, sahihi, kwisha. Nyumba ya mama yangu mkubwa imekwenda hivyo. Barazani tulipokuwa tunachezea keram pana meza za kiamshakinywa, mayai na parachichi juu ya mkate ambao sijui umetoka wapi, na mimi nikipita naulizwa, "Madam, you want table?"

Sisi tukahamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Sasa nimchukie nani, yule Mzungu anayekula mayai yake? Mjomba wangu wa Dubai aliyetia sahihi na hajakanyaga Shangani tena? Au nijichukie mwenyewe, maana fungu langu nililipokea na nikalipia ada ya watoto.

Na wanalolisema la pilipili ni kweli tupu. Urojo wa Forodhani wa siku hizi kaonjeni mwenyewe.

Mzee wa Kibamba

Bint Shangani nimesimama. Hiyo ya warithi ishirini ni Kariakoo kabisa, maghorofa yote yale yalikuwa nyumba za udongo za wazee wetu.

Dalali Mtiifu

Naona nimesemwa bila kutajwa, acha nijitokeze.

Mimi ni dalali, Masaki, Mikocheni, Msasani. Mnavyozungumza ni kama mwenye nyumba ni shetani. Mwenye nyumba ni mstaafu, ana nyumba moja ya kupangisha, mafao yalikwisha kwenye bati. Nikimletea mpangaji Mswahili atalipa miezi sita kwa tabu, mwezi wa saba simu haipokelewi. Nikimletea mgeni analipa mwaka mzima na anapaka rangi kwa fedha yake. Wewe ungechukua nani? Sema ukweli wako.

Halafu bei haipandishwi na mgeni. Inapandishwa na jirani aliyesikia jirani yake kalipwa ngapi. Mgeni akihama, bei haishuki hata siku moja. Na kwa dola tulishakatazwa tangu 2025, kanuni zinasema bei iwe shilingi. Sawa, tunaandika shilingi. Kichwani mwa mwenye nyumba kuna nini, hilo kanuni haifiki.

Mtu wa Voi

Dalali si mlishafukuza wageni nyinyi? Julai 2025, mwezi uleule Wamexico wanaandamana, Tanzania ikatoa amri ya biashara 15 ambazo si raia haruhusiwi kufanya. Saluni, kutengeneza simu, kutuma pesa, kuongoza watalii. Sisi majirani pia tukaingizwa kwenye kapu moja na Wachina, serikali yetu ikalalamika mambo ya Jumuiya. Jamaa yangu ana kinyozi Arusha alikuwa hapati usingizi.

Dalali Mtiifu

Na udalali wa nyumba umo kwenye hiyo orodha 😂 Serikali sikivu.

Njiti Moja

Mtu wa Voi pole kwa jamaa yako, ila ukweli usemwe: Kariakoo watu walikuwa wameumia. Mgeni anakuja na leseni ya uwekezaji halafu unamkuta anauza vijora na chaja rejareja, bei ambayo mmachinga hawezi kuifikia kwa sababu huyo ndiye mwenye kiwanda.

Lakini hapo nimejikamata mwenyewe, maana nilianza kwa kuwaambia Wamexico watulie.

Kisiki Mkavu

Usijali, uzi ndio kazi yake. Ila angalia hiyo orodha ya 15 ilimgusa nani. Kinyozi wa Voi, fundi simu, muuza vinyago. Mwenye hoteli ya nyota tano ufukweni hamo, na mwenye majumba ya kupangisha kwa usiku hamo. Kama Mexico City tu: Wahaiti waliondolewa 2024, Airbnb ikawekewa nusu ya mwaka.

Bint Shangani

Na Hart ataendelea kuuza mkate Roma na atapata wateja, tena Wamexico wenyewe watapanga foleni, maana mkate wake mzuri wanasema. Hili nalo muliandike.

Njiti Moja

@Dalali Mtiifu tukiwa hapahapa, una chumba na sebule Sinza au Kijitonyama? Mwenye nyumba wangu kaniambia mkataba ukiisha hauendelei, anataka kuweka wageni wa kulala. Uwezo wangu ni kodi ya miezi mitatu.

Dalali Mtiifu

Sinza miezi mitatu haipo mkuu. Kuna Goba, miezi sita, maji ya kisima, barabara ya vumbi kidogo. Hela ya kwenda kuona nyumba ni elfu kumi. Njoo inbox.

Njiti Moja

Goba nifike vipi Posta saa moja asubuhi?